Waziri Mkuu Akijiuzulu, Bunge Linabaki na Nini?

Tangu Novemba 2025 watu wa Iguguno wana sababu yao ya kukifuatilia kiti cha Waziri Mkuu. Dkt. Mwigulu Nchemba, ambaye uteuzi wake ulithibitishwa na Bunge Novemba 13 mwaka huo, ni mbunge wa Iramba Magharibi, jimbo la jirani. Mkalama, wilaya ilimo Iguguno, ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na wapo wengi ambao hadi leo wakiulizwa kwao ni wapi hujibu Iramba bila kusita. Kwa hiyo pale njia panda, barabara ya Nduguti inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, Waziri Mkuu anazungumzwa kama mtoto wa nyumbani. Na mtoto wa nyumbani huulizwa hata habari ambazo hazijatokea.

Moja ya habari hizo ni hii: siku Waziri Mkuu akijiuzulu, itakuwaje? Bunge linavunjika? Jimbo lake linabaki wazi? Tunarudi kwenye foleni ya kupiga kura? Kuuliza hivyo si kumwombea mtu mabaya. Ni swali la uraia, na Tanzania imekwisha kulijibu kwa vitendo. Ilikuwa Februari 2008, Dodoma, na jibu lilipatikana ndani ya siku tatu.

Asiye na muda wa kusoma yote achukue haya: Bunge halivunjiki, jimbo halibaki wazi, uchaguzi hauitishwi. Kinachoanguka ni Baraza la Mawaziri, tena lote, pamoja na waziri ambaye hakuhusika hata chembe na kilichomwondoa mkuu wake. Ni kama nguzo ya kati ya tembe: ikiondolewa paa linashuka, lakini kuta zinabaki zimesimama.

Siku tatu za Februari

Chanzo kilikuwa umeme. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, Mtera likiwamo, na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali. Serikali ikatafuta mitambo ya dharura. Juni 23, 2006 TANESCO ilitia saini mkataba na kampuni ya Richmond Development, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Marekani, ili izalishe megawati 100. Mitambo ikachelewa, mvua zikarudi, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Gharama iliyotajwa Bungeni, na ambayo watu wazima wengi bado wanaikumbuka, ni shilingi milioni 152 kwa siku.

Taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, ilichunguza zabuni ile na kutangaza kwamba haikuona rushwa. Wabunge hawakuridhika. Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule ya watu watano. Mwenyekiti alikuwa Dkt. Harrison Mwakyembe wa Kyela, na wajumbe walikuwa Stella Manyanya, Lucas Selelii, Herbert Mntangi na Habib Mnyaa. Wanne walikuwa wa CCM, mmoja wa CUF. Uwiano huo usipitwe haraka, kwa sababu ripoti iliyomng'oa Waziri Mkuu wa CCM iliandikwa na kamati yenye wana-CCM wengi na ikasomwa mbele ya Spika wa CCM. Wanaodhani wabunge wa chama tawala hawawezi kuibana Serikali yao wanausahau mwaka ule. Wanaodhani jambo kama hilo hutokea mara kwa mara nao wahesabu miaka iliyopita tangu wakati huo.

Ripoti iliwasilishwa Jumatano, Februari 6, 2008. Ilieleza kwamba Richmond haikuwa na uwezo wa kufanya kazi iliyopewa, ikagusa mawaziri na watendaji kwa majina, na kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa ikaishia kumwachia mwenyewe apime na kuamua. Kamati Teule haina mamlaka ya kumfukuza mtu. Inachoweza ni kueleza ilichokiona na kulishauri Bunge, na Bunge nalo huishauri Serikali. Lakini ushauri uliosomwa hadharani, redioni nchi nzima ikisikiliza, una uzito wake.

Kesho yake, Alhamisi, Lowassa alisimama Bungeni akasema amemwandikia Rais Jakaya Kikwete barua ya kuomba kujiuzulu. Alilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji, akasema tatizo lilikuwa ule uwaziri mkuu. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi wa Nishati na Madini na Dkt. Ibrahim Msabaha, aliyeishika wizara hiyo kabla yake, nao wakaandika barua zao. Ijumaa, Februari 8, jina la Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda Mashariki, likafika Bungeni na likathibitishwa. Jumamosi akaapishwa Ikulu ya Chamwino. Baraza jipya lilitangazwa siku chache baadaye, nalo lilikuwa dogo kuliko lile lililovunjika.

Tangu siku ripoti iliposomwa hadi Waziri Mkuu mpya anaapishwa, hakuna raia aliyeitwa kituoni kupiga kura. Monduli, jimboni kwa Lowassa, nako hakukuitishwa uchaguzi mdogo. Lowassa alirudi kukaa Bungeni kama mbunge wa kawaida, na aliendelea kuliwakilisha jimbo hilo hadi 2015.

Barua inakwenda wapi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inamtaka anayejiuzulu aandike na kutia saini, basi. Hotuba, mkutano na waandishi wa habari au machozi havitoshi. Waziri Mkuu ameteuliwa na Rais, hivyo barua yake inakwenda kwa Rais. Mbunge anayeacha ubunge humwandikia Spika. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye vyeo viwili anaweza kuacha kimoja na kubaki na kingine: barua ni mbili tofauti na zinapokewa ofisi mbili tofauti. Lowassa aliandika moja.

Barua ikishapokelewa imeanza kazi, isipokuwa kama mwandishi mwenyewe ametaja tarehe ya mbele. Mwaka 2008 magazeti yaliandika sana kwamba Rais "ameridhia", na kwa adabu ya siasa zetu ndivyo inavyosemwa. Kwa maandishi ya Katiba, kupokelewa kwa barua ndiko kunakobeba uzito.

Hapo ndipo Ibara ya 57 inapoingia, ibara ambayo wananchi wengi hawajawahi kuisikia ingawa ndiyo yenye kishindo kuliko zote katika suala hili. Inasema kiti cha Waziri au Naibu Waziri kinakuwa wazi iwapo Waziri Mkuu atajiuzulu, au kiti chake kikiwa wazi kwa sababu nyingine yoyote. Wala haidai waziri awe na kosa. Waziri wa Maji, wa Elimu, wa Kilimo, wote wanaamka wakiwa wabunge watupu. Magari ya wizara yanabaki wizarani. Wengine wanarudishwa katika baraza jipya, wengine hawarudi, na hiyo ni hiari ya Rais.

Mantiki yake iko katika Ibara ya 53: mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Waliokubali kusimama pamoja wakati wa kusifiwa wanashuka pamoja anapoondoka kiongozi wao. Nadhani hii ni ibara nzuri, hata kama inawaumiza wasio na hatia. Bila hiyo, Waziri Mkuu angetolewa kafara na wenzake wakabaki vitini kana kwamba hawakuwapo siku maamuzi yalipofanywa.

Ukumbini siku hiyo

Tuingie sasa ndani ya ukumbi, maana Bunge ndilo hasa linaloulizwa.

Kwa Ibara ya 52 Waziri Mkuu ana kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kusimamia shughuli za Serikali za siku hata siku. Ya pili ni kuwa kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Ndiye anayepanga na Spika miswada ipi ya Serikali iletwe lini, ndiye anayejibu wabunge Alhamisi katika kipindi cha maswali ya papo kwa papo, na ndiye anayetoa hotuba ya kuahirisha kila mkutano wa Bunge. Bajeti ya ofisi yake ndiyo hufungua mjadala wa bajeti za wizara kila mwaka.

Akiondoka, na mawaziri wakamfuata, viti vya mbele upande wa Serikali vinabaki bila wenyewe. Spika yupo, naye si waziri. Naibu Spika yupo. Makatibu mezani wapo. Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye yupo: ni mbunge kwa wadhifa wake, ameteuliwa na Rais moja kwa moja, na Ibara ya 57 haimgusi. Wabunge wote wapo, na hesabu yao haikupungua hata mmoja. Kilichokosekana ni mtu wa kujibu kwa niaba ya Serikali. Mbunge wa Iramba Mashariki, jimbo ilimo Iguguno, akiwa na swali kuhusu maji ya huko, swali lake linabaki halali na limechapwa kwenye orodha ya shughuli, lakini hakuna waziri wa kulijibu.

Kwa hiyo madhara ya haraka kwa Bunge ni ya ratiba. Mswada uliokwisha kusomwa mara ya kwanza haufi. Unasubiri waziri mpya. Hoja ya mbunge binafsi haifi. Kamati zinaendelea kukutana. Bunge linaweza hata kuendelea na mjadala unaoihusu ripoti ileile iliyozua tufani. Lisichoweza ni kupitisha mambo ya Serikali wakati Serikali haina msemaji.

Muda nao una uzito. Kujiuzulu Februari si sawa na kujiuzulu Mei. Siku hizi Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili na linapaswa kumaliza kabla mwaka wa fedha haujaisha Juni 30. Waziri Mkuu akiondoka katikati ya mijadala hiyo, kila wizara ambayo makadirio yake hayajapitishwa inapata waziri anayesoma hotuba aliyoandikiwa mwenzake. Halijatutokea, lakini anayetaka kujua kwa nini viongozi wetu huchagua sana siku ya kuandika barua, aanzie hapo.

Kuna athari nyingine isiyopigiwa kelele, ambayo mimi naiona kuwa ndefu kuliko zote. Mawaziri hawakai kwenye kamati za kudumu za Bunge. Baraza likisukwa upya, mbunge aliyekuwa mwenyekiti wa kamati na akaitwa kuwa waziri anaiacha kamati yake. Waziri aliyeachwa anarudi na kupangiwa kamati. Kamati ndizo zinazokagua hesabu, kutembelea miradi na kuhoji watendaji. Mabadiliko yake hayatangazwi kwa mbwembwe kama ya mawaziri, ila yanaweza kuamua kama mradi wa maji wa wilaya utaulizwa vizuri au utapita kimya.

Bahasha na kura

Rais akitaka kuteua Waziri Mkuu mwingine hafungui mlango kwa kila mtu. Ibara ya 51 inamtaka achague mbunge wa kuchaguliwa jimboni, kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi Bungeni, au kama hakuna chama cha namna hiyo, mbunge anayeelekea kuungwa mkono na walio wengi. Mbunge wa viti maalumu hawezi. Mmoja wa wale kumi wanaoteuliwa na Rais hawezi, hata awe msomi kiasi gani.

Jina linapelekwa Bungeni kutoka Ikulu kwenye bahasha. Spika analisoma, wabunge wanajadili na kupiga kura. Mteule hashiki madaraka mpaka wengi waseme ndiyo. Kura hiyo si ya kuipamba sherehe tu. Novemba 2015 Kassim Majaliwa alithibitishwa kwa kura 258, na 91 zilisema hapana. Alipita bila shida, ila zile 91 ziliandikwa kwenye kumbukumbu na zitasomwa siku zote.

Hapa wananchi huchanganya siku 14. Katiba inampa Rais siku zisizozidi 14 kuteua Waziri Mkuu tangu yeye mwenyewe aposhika kiti cha urais. Ni hesabu ya baada ya uchaguzi. Rais Samia aliapa Novemba 3, 2025. Jina la Dkt. Mwigulu lilikuwa Bungeni siku ya kumi. Na Majaliwa, aliyemtangulia, hakujiuzulu. Alikwisha kutangaza kwamba hatagombea tena Ruangwa, na uwaziri mkuu wake ulikoma kwa sababu Rais mteule aliapa, mojawapo ya njia ambazo Katiba imezitaja. Nyingine ni kifo, kama kilichomkuta Edward Sokoine barabarani Aprili 12, 1984, au Rais kumteua mbunge mwingine, au barua. Mtu akikwambia "Waziri Mkuu ameondoka", uliza kwanza ameondoka kwa njia ipi.

Na kama Bunge halikutani wakati barua inaandikwa? Rais ana mamlaka ya kuliitisha. Mwaka 2008 haikuhitajika, kwa kuwa wabunge walikuwa tayari Dodoma, na ripoti ilikuwa imewafanya wasitamani kuondoka.

Kulazimishwa ni habari nyingine

Lowassa aliandika barua kabla Bunge halijapiga kura yoyote juu yake. Bunge lina silaha nyingine, kura ya kutokuwa na imani, iliyo katika Ibara ya 53A, na masharti yake yameandikwa makusudi ili isiwe nyepesi kuishika.

Hoja inatakiwa ipelekwe kwa Spika kwa maandishi, ikiwa na saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote, siku 14 kabla ya kuwasilishwa. Iwe inahusu kazi za Waziri Mkuu au madai kwamba amevunja sheria ya maadili ya viongozi. Haipokelewi kabla hajatimiza miezi sita tangu ateuliwe. Ikikataliwa, miezi tisa ipite ndipo nyingine iletwe. Lakini ikipita, Waziri Mkuu ana siku mbili tu za kujiuzulu, na Rais anateua mbunge mwingine.

Aprili 2012 mbunge Zitto Kabwe alianza kukusanya saini dhidi ya Pinda baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuanika matumizi mabaya katika wizara kadhaa. Saini zilizohitajika zilikuwa kama 70, na zilipatikana, baadhi zikiwa za wabunge wa CCM. Spika Anne Makinda akasema muda wa taarifa ya siku 14 hautoshi kwa mkutano ule. Hoja haikufika ukumbini. Hata hivyo Mei 2012 Rais Kikwete alipanga upya baraza na mawaziri sita wakaachwa nje. Karatasi ya saini ambayo haikusomwa kamwe ilifanya kazi yake kwa njia ya pembeni.

Mwishoni mwa 2014 likaja sakata la fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, Sospeter Muhongo akajiuzulu mwezi uliofuata. Pinda alibaki. Ukilinganisha na 2008 utaona tofauti: mawaziri waliondoka mmoja mmoja na nafasi zao zikajazwa, baraza halikuvunjika, shughuli za Bunge hazikukatika. Hapo ndipo unapoona uzito wa barua ya Waziri Mkuu ikilinganishwa na ya waziri.

Je, upo wakati Bunge lenyewe linaweza kuvunjwa kwa ugomvi wa namna hii? Upo, ila chanzo chake si barua ya mtu. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja katika hali chache zilizotajwa, mfano Bunge likikataa bajeti, au likikataa hoja ya msingi katika sera za Serikali na Rais akaona kwamba kuteua Waziri Mkuu mwingine hakutatatua jambo. Katiba imeweka kubadilisha Waziri Mkuu mbele ya uchaguzi mkuu, kama dawa ya kujaribiwa kwanza.

Kwa majirani, na kwetu zamani

Wengi wanaodhani Bunge huvunjika wamesikia habari za Uingereza wakaziunganisha na zetu. Huko nako si lazima. Mwaka 2022 Waingereza walikuwa na mawaziri wakuu watatu, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, na bunge lilikuwa lilelile.

Kongo (DRC) wana utaratibu ulio kinyume na wetu kabisa. Kwetu Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Kwao hawezi kushika vyote viwili. Februari 2024 Jean-Michel Sama Lukonde alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge na ilimbidi achague kimoja. Judith Suminwa aliteuliwa Aprili 1 mwaka huo, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo nchini mwao. Miaka mitatu kabla, Januari 2021, Sylvestre Ilunga alikuwa ameondolewa na bunge kwa kura ya kutokuwa na imani, akawasilisha barua yake siku chache baadaye.

Na Tanganyika? Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akaimarishe TANU. Hakukuwa na kashfa. Bunge liliendelea, na ndilo baadaye mwaka huohuo lililopitisha Katiba ya Jamhuri iliyomfanya arudi akiwa Rais. Sokoine naye aliondoka 1980 kwa sababu za afya, akarudi 1983. Kwa hiyo Lowassa hakuwa wa kwanza kuandika barua. Alikuwa wa kwanza kuiandika kwa msukumo wa ripoti ya Bunge. Ukitaka mfano wa mtu wa Serikali aliyejiuzulu kwa makosa ya walio chini yake, tazama Shinyanga: Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola, na miaka minane baadaye alikuwa Rais.

Baada ya vumbi kutulia

Kosa ambalo wengi tulilifanya 2008 ni kudhani kwamba kazi ya Bunge iliisha Lowassa alipoondoka. Bunge lilikuwa limepitisha maazimio 23, yakiwamo ya kuchukuliwa hatua watendaji na kupitiwa upya kwa mikataba. Serikali ikaleta taarifa ya utekelezaji, Bunge likasema haitoshi, ikaletwa nyingine. Mvutano huo ulidumu hadi mwanzoni mwa 2010. Novemba 2010 Sitta hakurudi kwenye kiti cha Spika, kwani chama chake kilipitisha majina ya wanawake watupu na Makinda akawa Spika wa kwanza mwanamke. Mwezi huohuo baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua kwamba TANESCO iilipe Dowans, fidia iliyotajwa nchini kuwa shilingi bilioni 94 hivi. Waziri Mkuu alikuwa amekwisha kuondoka zaidi ya miaka miwili, na bili ilikuwa bado inakuja.

Somo hilo lina manufaa kwa mkulima wa alizeti au vitunguu wa Iguguno kuliko majina yote niliyoyataja. Ahadi iliyotolewa Bungeni ni ya ofisi, haiondoki na aliyeitamka. Daraja la Sibiti, linaloiunganisha Mkalama na Meatu mkoani Simiyu, lilizungumzwa chini ya waziri mkuu zaidi ya mmoja kabla watu hawajavuka. Ahadi kama hiyo inahitaji wabunge wanaorudi na jibu la waziri wa zamani mkononi na kumuuliza waziri mpya amefika wapi.

Huku chini hakuna linalosimama siku ya barua. Mtendaji wa kata anafungua ofisi. Kituo cha afya kinahudumia, mwalimu anaingia darasani, mnada unafanyika. Makatibu wakuu wa wizara wanaendelea na kazi, nao ndio wenye dhamana ya fedha. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wameteuliwa na Rais. 

Anayetaka kufuatilia mwenyewe asitegemee vipande vya video vinavyosambazwa kwa simu. Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, yanachapishwa neno kwa neno, mengi kwa Kiswahili, na yanapatikana kwenye tovuti ya Bunge bila malipo. Yale ya Februari 6 hadi 8, 2008 ni ya Mkutano wa Kumi. Utakuta ripoti ya Mwakyembe, maneno ya Lowassa na kura ya Pinda. Asiye na intaneti amtume kijana, au aulize ofisi ya mbunge wake. Anayesafiri kwenda Dodoma anaweza kuomba nafasi ya kukaa kwenye jukwaa la wageni kupitia mbunge wake, akiwa na kitambulisho na mavazi ya heshima.

Na ikitokea barua imeandikwa kweli, mbunge wako atakuja kuzungumza nawe au utampigia. Muulize alipiga kura gani kuhusu jina jipya, kama yuko tayari kusema. Muulize amepangiwa kamati gani baada ya mabadiliko, na nani sasa anaongoza kamati inayosimamia maji na barabara. Kisha mpe tarehe ya jibu la mwisho ambalo Serikali ilitoa kuhusu Iguguno, umwambie alisome upya mbele ya waziri mpya katika mkutano unaofuata.